Mto Tana na Msitu Wake: Tarikhi ya Maji Yatokayo Mbali

Katika nchi ya Bute, iliyoko kaskazini ya Wajir si mbali na mpaka wa Uhabeshi, hapana mto utiririkao mwaka mzima, wala hapana msitu ambao jua la adhuhuri hushindwa kuupenya. Mali ya watu ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na riziki ya mali hiyo hutegemea visima, mabwawa ya kuchimbwa, na malisho yachipuayo baada ya mvua mbili za mwaka, ile kubwa ianzayo aghalabu mwezi wa Aprili na ile ndogo ya Oktoba na Novemba. Hata hivyo, hapana mtoto wa mfugaji katika nchi hiyo asiyefunzwa mapema kwamba laga, yaani mkondo wa maji ya msimu, ijapokuwa imekauka hata mchanga wake umekuwa mweupe, si mahali pa kulaza mifugo wala pa kupiga kambi, kwa kuwa maji yashukayo ndani yake hayatokani na mvua aliyoiona mwenye kulala hapo, bali yatokana na wingu lililomwagika vilimani mbali, usiku, bila ya kumpigia mtu hodi. Maarifa hayo, ambayo mzee wa Bute huyatoa kwa maneno mawili matatu akiwa amekaa kivulini, ndiyo ufunguo wa tarikhi ya Mto Tana na msitu wake. Na muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba kila kaumu iliyokuja kwenye mto ule ikayafahamu hayo iliweza kukaa, na kila dola iliyoyapuuza, ikadhani kuwa mto ni barabara, au ni mpaka, au ni mfereji wa kufungwa na kufunguliwa, mto wenyewe uliikadhibisha.

Msafiri ashukaye kutoka Bute kwa njia ya Buna na Wajir hupita nyika pana ambayo maji yake ni ya chini ya ardhi. Huko kando hata Mto Ewaso Ng'iro, utokao nchi za juu kwa fahari, huishia katika kinamasi cha Lorian ukapotea kabla ya kuiona bahari. Afikapo Garissa, baada ya mwendo huo wote wa vumbi na miiba, hukuta kitu ambacho macho yake hayakukizoea: mto mpana wa rangi ya udongo mwekundu, wenye mamba na viboko, ukipita kimya katikati ya nchi kavu kama kwamba umepotea njia. Huo ndio Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya, uanzao katika safu za Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, ukazunguka kwa upande wa kaskazini na mashariki, kisha ukageuka kusini kupita Garissa, Bura, Hola na Garsen, hata ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,000. Na kando yake, kuanzia chini ya Garissa na kuzidi kunenepa kadiri uendavyo kusini, upo msitu.

Mwenye kutaka kuujua msitu huo na aende siku ya mvua, maana siku ya jua humdanganya mtazamaji kwa uzuri wake, bali siku ya mvua humfunulia asili yake. Katika misitu ya Wenje, Baomo na Mchelelo, baina ya Hola na Garsen, mvua inaponyesha husikika kwanza juu, katika majani ya mikuyu na mikwaju mikubwa, muda kabla ya tone la kwanza kumfikia mtu aliye chini. Na ikishakoma angani huendelea kudondoka ndani ya msitu, hata mtu akadhani kuwa zipo mvua mbili, moja ya mbingu na moja ya miti. Njia hugeuka tope la mfinyanzi linalonasa viatu. Mikindu huinama juu ya maji. Kima hujikunyata katika panda za matawi, mgongo juu, wakingoja. Na mwenye mtumbwi, asimamaye nyuma na upondo wake, huacha kuusukuma kwa nguvu na kuanza kuusikiliza mto. Akitoka mtu katika msitu huo kwa miguu, akaupa mgongo ukingo wa mto, haendi mbali sana kabla ya kukuta miti imefupika, na vichaka vya miiba vimeanza, na ardhi chini ya mvua ileile imekwisha kunywa maji yake ikakauka. Hapo ndipo aulizapo mwenye kuuliza: ikiwa mvua ni moja, mbona hapa ni msitu na pale ni nyika?

Jawabu ni kwamba si mvua hiyo iliyouotesha msitu. Mvua ya mahali pale haifikii milimita 500 kwa mwaka, kiasi ambacho hakitoshi kabisa kulisha msitu wa namna hiyo. Kinachoulisha ni maji yaliyofichika chini ya ardhi, na mafuriko ya mto ambayo kwa desturi huja mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, baada ya masika na vuli kunyesha milimani, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mafuriko hupanda kingo, huenea bondeni, huacha rutuba ya udongo wa juu, kisha hurudi. Nayo mizizi ya miti huyafuata maji yale yanapozama. Mto wenyewe haukai mahali pamoja: hukata kingo upande huu na kulimbikiza mchanga upande ule mwingine, huacha njia ya zamani ikawa ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo, na msitu huzaliwa juu ya ardhi mpya na kufa juu ya ardhi ambayo mto umeihama. Kwa hiyo msitu wa Tana hauna umbo la kudumu; ni kivuli cha mto, nao huhama pamoja na mwenye kivuli.

Katika kivuli hicho wamesalia viumbe ambao tarikhi yao ni ya kale kuliko tarikhi ya mwanadamu yeyote aliyekaa hapo. Wapo kima wawili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani: mmoja ni mbega mwekundu wa Tana, ndugu wa kima punju wa Jozani katika kisiwa cha Unguja; na mwingine ni kima mwenye shungi kichwani, ambaye ndugu zake wa karibu wako katika milima ya Udzungwa huko Tanzania na katika misitu mikubwa ya Afrika ya kati. Wataalamu husema kuwa zamani, katika zama za unyevu, misitu ya Kongo ilinyoosha mkono mashariki hata pwani, na hali ya hewa ilipokauka mkono huo ukakatika vipande vipande, kila kipande kikabaki pale palipokuwa na maji. Na kipande cha Tana kikasalimika kwa sababu maji yake hayakutegemea mawingu ya hapo. Mwaka 1878 daktari Gustav Fischer na Clemens Denhardt, Wajerumani wawili, walipanda mto huu kwa uchunguzi, na mwaka uliofuata Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Berlin, akawaandika kima hao wote wawili katika daftari za elimu. Wapokomo waliokaa nao miti kwa miti hawakuhitaji kungoja daftari hizo ili kuwajua.

Wapokomo ndio wakulima wa kingo za Tana tangu karne nyingi, na maisha yao yote yalipangwa kwa kufuata mwendo wa maji. Mashamba yao yalikuwa vipande vyembamba vilivyoanza ukingoni na kuishia bondeni, ili kila jamaa ipate ardhi ya juu kwa migomba na miembe, na ardhi ya chini kwa mpunga utakaopandwa maji yanapopungua. Mtumbwi wao ulichongwa kwa gogo moja kutoka katika msitu uleule. Na mto ulipohama, kijiji nacho kilihama, bila ya mtu kuhesabu kuwa ni msiba. Mambo ya jamii yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo Gasa, na heshima ya baraza hilo ilikuwa pamoja na ngadzi, ngoma kuu ya siri ambayo sauti yake iliogopwa na wasiopewa idhini ya kuiona. Ngoma hiyo ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo imo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, ilhali watu wa ukoo wake hawajaacha kuidai. Lakini kitu kingine cha Wapokomo hakikuchukuliwa bali kilitolewa kwa hiari: mwaka 1963, tume ya watu watano iliyopewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa la Kenya ilichagua sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, hata leo kila mwanafunzi wa Bute anaposimama mbele ya bendera asubuhi, huimba kwa sauti iliyotoka kando ya mto asioujua.

Jirani za Wapokomo walikuwa wafugaji wa Kiorma, ambao wazee wa Bute wenye kusema Kiborana wakiwasikiliza huelewa maneno yao mengi, kwa kuwa lugha hizo ni za asili moja. Waorma hao zamani walienea nchi kubwa baina ya Mto Juba na Mto Tana, na katika karne ya 19 walishindwa na kaumu za Kisomali zilizokuwa zikishuka kusini, wakapoteza watu na ng'ombe wengi, hata mabaki yao yakajikuta yameegemea Tana. Baina ya mwenye ng'ombe na mwenye shamba, ambao kila mmoja aliuhitaji mto, ugomvi haukukosekana. Bali ilikuwapo ada iliyouzuia usigeuke vita vya daima, nayo ni ada ya malka. Malka ni njia iliyoachwa wazi katikati ya mashamba hadi ukingoni, ambamo mifugo hupita kwenda kunywa. Mahali pake palijulikana na wakulima na wafugaji, wazee wa pande zote mbili walipatana juu yake, na mto ulipohamisha kingo zake, nayo mapatano yalirudiwa upya. Mtu wa kaskazini haoni ajabu jambo hilo, kwa kuwa kisimani pia kuna zamu, na mwenye kisima humjua mwenye ngamia, na mgeni mwenye kiu husubiri lakini hafukuzwi. Ada hizo ziliandikwa katika vichwa vya watu tu, nazo zilikuwa sheria kamili kwa sababu zilikubali kuwa maji huja na kwenda.

Upande wa mashariki ya mto, kuelekea mpaka wa Somalia na bahari, upo msitu wa pili, wa Boni, wenye miti mifupi na vichaka vizito, ambao haulishwi na mto wowote bali na mvua za pwani. Wenyeji wake ni Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, watu wa uwindaji na asali, wajuao kumfuata ndege mwenye kuonyesha mizinga ya nyuki na kumgawia haki yake. Katika hadithi za Waswahili watu wa mwituni wa nchi hiyo wanakumbukwa pamoja na Fumo Liyongo, shujaa wa Shaka na Ozi, ambaye wapokezi husema kuwa kaburi lake liko karibu na Kipini. Na katika utendi wa Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, watu hao walipotaka kumuua shujaa walifanya naye kikoa, yaani karamu ya zamu, cha makoma, matunda ya mkoma, kila mmoja apande mti huo kwa zamu yake, wakikusudia kumpiga mishale akiwa juu. Naye Liyongo, kwa ujanja, akayaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Mikoma hiyo bado imejaa katika nchi yote baina ya Garsen na Kipini, na mwenye kuipita siku ya mvua, maji yakiwa yameenea chini yake, ataelewa kwa nini hadithi ile isingeweza kuzaliwa mahali pengine. Waaweer wenyewe walikusanywa katika vijiji vya kando ya barabara wakati wa vita vya shifta, yaani uasi wa waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, baada ya mwaka 1963. Mwaka 1976 msitu wao ukatangazwa kuwa hifadhi. Na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku katika Kenya nzima, hata mwindaji aliyeuhifadhi msitu kwa dahari akawa mkosaji ndani yake.

Kwa watu wa Lamu na Pate, Mto Tana ulikuwa ghala. Mpunga wa bondeni, pembe za ndovu, mbao na asali vilishuka kwa mitumbwi, na shida yao moja ilikuwa mlango wa mto, ambao ulikuwa wa mawimbi na mchanga na wenye hatari kwa vyombo. Ilhali Mto Ozi, ulio jirani na wenye bandari ya Kau na Kipini, ulikuwa na mlango mwema. Ndipo Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa jina la Simba, ambaye alikuwa amekimbilia bara kutokana na uadui wake na Sultani wa Zanzibar, akaamuru uchimbwe mfereji mwembamba wa Belezoni, ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hadi Ozi bila ya kuiona bahari. Mfereji huo ulikuwa wa kiasi cha mtumbwi. Lakini mto, ukishaonyeshwa njia, haukukubali kubaki na kiasi walichoupimia wanadamu, na kabla ya karne ya 19 kumalizika maji ya Tana yalikwisha kuupanua, yakauacha mlango wa zamani, yakaifuata njia ya Ozi hadi Kipini, ambako yanaingilia baharini mpaka leo. Dola ya Witu imekwisha, na hata magofu yake ni haba. Mfereji wake umekuwa mto.

Wazungu nao walikuja wakiwa na ramani. Wamishenari wa Kimethodisti walijenga Golbanti, ambako mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika shambulio la Wamaasai. Na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walianza kazi Ngao mwaka 1887. Ndugu wawili Clemens na Gustav Denhardt walipata ardhi kwa Sultani Ahmed mwaka 1885, na Witu ikawa chini ya himaya ya Ujerumani hadi mkataba wa mwaka 1890 ulipoitia katika mikono ya Uingereza. Mwaka 1889 Carl Peters, ambaye si yule mtaalamu wa wanyama, aliupanda mto kwa silaha, akijisingizia safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini ya Sudan, akachukua chakula cha wakulima kwa nguvu na kupigana na Waorma. Na mwaka 1891 Kapteni Dundas wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliipandisha merikebu ndogo ya moshi iitwayo Kenia hadi Hameye, akitaraji kuwa mto utakuwa barabara ya biashara kutoka bahari hadi Mlima Kenya. Matarajio hayo yalikuwa na hoja moja tu ya kuyatetea, nayo ni kwamba katika ramani mstari wa mto ulionekana kama mstari wa njia. Mchanga uliohama kila mwaka, visiki vya miti iliyoangushwa na mafuriko, na kina kinachozidi leo na kupungua kesho, havikuandikwa katika ramani. Reli ikajengwa kutoka Mombasa, na Tana ukaachiwa wenye mitumbwi.

Uliposhindikana kuwa barabara, ukafanywa mpaka. Serikali ya kikoloni, iliyotawala nchi za kaskazini kama wilaya zilizofungwa ambazo mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa, iliuweka mto kuwa kizuizi baina ya mifugo ya Wasomali mashariki na ya Waorma magharibi. Na ukosefu wa malisho katika miaka ya ukame uliwafanya wafugaji wavuke hata hivyo, wakatozwa faini za ng'ombe, wakarudishwa, wakavuka tena. Ulipokaribia uhuru, mpaka wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliwekwa maili 3 mashariki ya mto, na tangu hapo pande mbili zimekuwa zikibishana juu ya ukanda huo, ambao ndani yake mna mashamba, malka na makaburi ya watu wa pande zote. Mwanafunzi wa tarikhi hana budi kuuliza: mpaka uliopimwa kutoka kwenye mto unaohama utapimwa kutoka mto wa mwaka gani?

Baada ya kuwa mpaka, mto ulifanywa mfereji. Huko Hola, katika miaka ya 1950, serikali ilikusanya wafungwa wa Mau Mau waliokataa kutii, ikakusudia kuwachimbisha mifereji ya umwagiliaji. Na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi hata wakafa kwa sababu ya kukataa kazi hiyo. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kuwa watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji, na ilipobainika kuwa maji yalisingiziwa, fadhaa ilifika Bungeni London na kuharakisha mwisho wa kambi hizo. Mashamba ya Hola yaliendelea baada ya uhuru, yakalimwa pamba, hadi mwaka 1989 mto ulipobadili njia yake ukayaacha bila ya maji. Mradi mkubwa zaidi wa Bura, ulioanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia na kuhamishia hapo familia kutoka sehemu nyingi za Kenya, haukufikia hata nusu ya eneo lililokusudiwa. Pampu zake zilizimika mara kwa mara, na ili wakulima wasikate msitu kwa kuni ulipandwa mti wa kigeni, mathenge, ambao leo umefunga njia za mifugo, umeingia mashambani, na umekuwa adui wa kila mfugaji kutoka Bura hadi Garissa.

Mbali juu, mahali ambapo watu wa chini hawapaoni, kulifanywa badiliko lililo kubwa kuliko yote. Mabwawa matano ya umeme yalijengwa mfululizo, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, nayo yakaipa Kenya nuru ambayo hapana mwenye akili atakayeikana. Lakini bwawa la Masinga, ambalo ndilo ghala la mengine, lilikuwa na tabia ya kuyashika mafuriko ya wastani na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima, hata ile gharika ya kila Mei na kila Novemba, iliyokuwa ikizaa mpunga, samaki wa maziwa na miche ya msitu, ikapungua na kukosa miadi; ilhali mafuriko makubwa mno, ambayo bwawa likijaa haliwezi kuyashika, yaliendelea kuja. Alhasili watu wa chini walinyimwa mafuriko yenye faida na kuachiwa yenye madhara. Hifadhi ya kima wa Tana, iliyotangazwa mwaka 1976 kwa eneo la kilomita za mraba zipatazo 169, iliweza kumzuia mtu mwenye shoka, lakini haikuwa na uwezo wa kuamuru maji yapande kingo.

Mafuriko makubwa yana kumbukumbu zake. Yale ya mwaka 1961, yaliyofuata ukame mkali, yaliifunika nchi ya chini hata chakula kikadondoshwa kwa ndege. Yale ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yaliitenga Garissa kwa barabara, na baada ya maji kusimama mbu wakazaana, ikaja homa ya Bonde la Ufa, iliyoharibu mimba za mbuzi na kondoo na kuua mamia ya watu katika Kenya na Somalia, ikarudi tena mwaka 2006 na 2007. Na katika Novemba 2023 na Aprili 2024 barabara baina ya Garissa na Madogo ilikatwa, watu wakavushwa kwa mashua juu ya mahali walipokuwa wakipita kwa magari, na mashua mojawapo ikazama huko Kona Punda na roho za watu zikapotea. Wengi wa waliosombwa nyumba zao hawakunyeshewa mvua kubwa siku hiyo. Maji yalitoka milimani na katika mabwawa yaliyofurika, yakawafikia baada ya siku kadhaa, na hapo ndipo mafunzo ya laga yalipowafaa waliokuwa nayo.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa madhara yote ni ya maji. Mwaka 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja katika ugomvi wa Wapokomo na Waorma, na mengine mfano wa hayo yalifuata upande wa pili. Siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilikuwa na sehemu yake, lakini moto huo haungepata kuni lau malka hazikuwa zimezibwa na mashamba mapya, na bonde la malisho ya kiangazi halikuwa limegawiwa kwa miradi, na mafuriko yaliyokuwa yakilitosheleza bonde hilo kwa mkulima na mfugaji hayakuwa yamepungua. Ada ikivunjika juu ya kitu kilichopungua, kila mmoja humtazama jirani yake kuwa ndiye aliyekipunguza.

Katika tarikhi hii yote, waliodumu kandoni mwa Tana si wenye nguvu kuliko wengine. Sultani alikuwa na askari, Kampuni ilikuwa na merikebu, serikali ya kikoloni ilikuwa na amri na viboko vya ngozi, na miradi ya baadaye ilikuwa na mikopo. Mpokomo alikuwa na mtumbwi na shamba la kuhamishika, Morma alikuwa na malka na mapatano yanayorudiwa, na wote wawili walikuwa na elimu ya kungoja maji waliyoyajua kwa habari kabla ya kuyajua kwa macho. Elimu hiyo haikatai mabwawa wala umeme. Yaliyo haki ni kwamba maji ya mabwawa yaachiliwe kwa miadi ili Mei na Novemba zirudi kuwa Mei na Novemba bondeni. Kwamba habari za mvua za milimani ziwafikie watu wa Garissa, Madogo na Garsen kwa lugha zao kabla maji hayajafika. Kwamba malka zipimwe na kuandikwa na wazee wa pande zote mbili, kwa sharti la kupimwa upya mto unapohama. Na kwamba mwenye kuandika mpango wowote juu ya mto huu alazimishwe kwanza kueleza mafuriko yatapita wapi na lini, na ni nani atakayeulizwa yasipopita. Watu wa kaskazini, ambao maji yao ni machache na hesabu yake ni kali, wana haki ya kuketi katika baraza la shauri hilo, si kwa sababu mto unapita kwao, bali kwa sababu hapana waliozoea kuliko wao kuishi kwa maji yatokayo mbali, na mzee wa Bute anayeijua laga yake angeweza kuwafunza wahandisi mengi katika kikao kimoja kama wangemwalika.